Kuchunguza Mchoro wa Tingatinga kwa Mwanga Kabla ya Kuugusa: Hatua kwa Hatua

Maswali ninayoletewa na watu wenye michoro ya Tingatinga hayatofautiani sana. Mmoja ameachiwa mchoro na marehemu baba yake, mwingine ameununua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, na wote huuliza mambo yale yale: je, saini hii ni ya kweli, je, mchoro umewahi kupakwa rangi upya, na je, ninaweza kuufuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni? Swali la mwisho nalijibu mara moja: usiufute kwanza. Maswali mawili yaliyotangulia huanza kujibika unapoutazama mchoro chini ya mianga ya aina mbalimbali, kazi ambayo mtu makini anaweza kuifanya katika chumba chenye giza, kwa vifaa vichache, bila kuugusa uso wa mchoro hata kidogo.

Nimeielekeza kazi hii kwenye michoro ya Tingatinga kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wetu na kwa sababu ina tabia zake. Edward Saidi Tingatinga alichora jijini Dar es Salaam kwa miaka michache tu, kuanzia mwaka 1968 hadi alipouawa kwa risasi mwaka 1972, na waliomfuata wanaendelea kuchora mpaka leo. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya makopo, ile ile iliyokuwa ikipakwa kwenye baiskeli. Rangi hiyo hukauka ikawa ngumu na yenye kumetameta, na hadibodi, ambayo ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa, hufyonza unyevu na kuvimba kuanzia kingoni. Ukiyakumbuka mambo hayo mawili utaelewa karibu kila tahadhari iliyomo humu. Mwenye mchoro wa turubai anaweza kufuata hatua hizi hizi. Katika maelezo yote, neno "mchoro" ni kazi ya msanii yenyewe, na neno "picha" ni ile unayoipiga kwa kamera.

Nadharia inayohitajika ni ndogo. Jicho la binadamu huona mwanga wa urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Chini ya hapo kuna urujuanimno, ambao hauonekani, lakini ukiipiga vanishi, gundi au rangi fulani huifanya itoe mwanga wake yenyewe unaoonekana. Juu ya hapo kuna infraredi, ambayo hupenya baadhi ya rangi na kusimamishwa na nyingine, hasa zile zenye kaboni kama penseli, mkaa na masizi. Mwanga wa ubavuni hauna siri yoyote: ni taa ya kawaida iliyowekwa chini sana kando ya mchoro, ili kila kituta kitupe kivuli chake.

VINAVYOHITAJIKA

Kusanya vitu hivi vyote kabla ya kuutoa mchoro ukutani, kwa maana mchoro ulioachwa mezani wakati mtu anakwenda dukani ndio unaokanyagwa na paka au kumwagikiwa chai.

- Kamera ambayo unaweza kuipangia mwenyewe muda wa kupiga na ukubwa wa tundu la lenzi, pamoja na stendi imara ya miguu mitatu na kichujio cha kuzuia urujuanimno cha kuweka mbele ya lenzi. Simu itakusaidia kwa mwanga wa ubavuni, lakini kwa urujuanimno itakuangusha.
- Taa mbili zinazofanana, zenye mwanga mweupe, na tochi moja yenye mwanga uliokusanyika.
- Tochi au taa ya urujuanimno ya nanomita 365, yenye kioo cheusi mbele. Zile za bei rahisi zilizoandikwa 395 hutoa zambarau nyingi inayoonekana, na zambarau hiyo itafunika kile unachokitafuta. Taa ndogo ya kukagulia noti, kama ile ya maduka ya kubadilishia fedha, inatosha kwa kujifunzia, ingawa mwanga wake ni hafifu.
- Miwani ya kinga dhidi ya urujuanimno. Miwani ya jua ya mitaani haitoshi.
- Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10.
- Kadi ya rangi au, ukikosa, kipande cha kadi nyeupe na cha kijivu usivyovibadilisha kamwe, pamoja na rula.
- Tepu nyeupe nyembamba ambayo mafundi bomba huizungushia kwenye nyuzi za mabomba, karatasi moja ya kawaida ya printa, na noti yoyote. Matumizi yake utayaona mbele.
- Kitambaa kikubwa cheusi, na nguo nyeusi za kuvaa wewe mwenyewe.
- Kwa infraredi: kamera iliyotolewa kichujio chake cha ndani kinachozuia infraredi, kichujio cha mbele kinachopitisha kuanzia nanomita 830 au 850, na balbu ya halojeni au ile ya kizamani yenye waya ndani. Ukikosa vifaa hivi, ruka hatua ya 9, maana hatua nyingine zote zina maana bila hiyo.

Onyo moja linatangulia yote. Tangu wakati wa UVIKO-19 zimeenea madukani taa za kuua vijidudu, ambazo nazo huitwa taa za urujuanimno. Hizo hutoa mawimbi mafupi, karibu na nanomita 254, ambayo huunguza macho na ngozi na kuudhuru mchoro. Usizitumie kwa kazi hii kwa hali yoyote. Kama kasha la taa halisemi ni nanomita ngapi, usiinunue.

HATUA

1. Kagua kama mchoro unaweza kusogezwa. Uangalie ukiwa bado mahali pake, kwa tochi, bila kuugusa. Ukiona magamba ya rangi yaliyoinuka au unga wa rangi kwenye ukingo wa chini wa fremu, ushushe kwa watu wawili na ulazwe chali juu ya meza, kisha kazi yote ifanyike ukiwa umelala vivyo hivyo na kamera ikitazama chini. Shika kingo kwa mikono safi na mikavu, na kamwe usiweke vidole gumba juu ya uso wa rangi, kwa sababu alama ya kidole huonekana wazi chini ya mwanga wa ubavuni na nyingine hazitoki tena.

2. Tayarisha chumba. Ziba madirisha, kisha kaa gizani dakika tano. Baada ya dakika hizo macho yatakuonyesha kila upenyo wa mwanga chini ya mlango, taa ndogo ya chaja na ya kipoza hewa. Vizibe vyote. Vaa nguo nyeusi. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga huwaka samawati chini ya urujuanimno, na mwanga huo huakisiwa na rangi ya mafuta hadi mtu akadhani ameona vanishi ya ajabu. Washa feni kabla ya kazi ukipenda, lakini uizime unapopiga picha, kwani pangaboi hutikisa stendi na kuleta nyuzi za vumbi.

3. Simamisha kamera na usiiondoe tena. Lenzi itazame katikati ya mchoro, na umbali kutoka lenzi hadi kila pembe ya mchoro uwe sawa. Pima kwa kamba ukiwa huna kifaa kingine. Hatua hii huchosha wanaoanza na ndiyo wanayoiharakisha, lakini thamani ya kazi nzima iko katika kulinganisha picha moja na nyingine, na picha zilizopigwa kutoka sehemu tofauti hazilinganishiki. Tundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, kwa sababu rangi ya mafuta ni kama kioo na itakuonyesha wewe, stendi na ukuta. Piga faili ghafi, zile ambazo kamera huziita RAW, na upangilio wa weupe, ule ambao kamera huuita white balance, uwe mmoja usiobadilika.

4. Piga picha za mwanga wa kawaida. Weka taa mbili pande mbili za mchoro, kila moja ikiwa na pembe ya nyuzi 45. Weka kadi ya rangi na rula kando, si juu ya mchoro. Piga mbele nzima, kisha robo robo, kisha mgongo, kisha kingo zote nne. Mgongo wa hadibodi hueleza mengi: mhuri wa duka, bei ya penseli, alama za maji, mashimo ya wadudu, na kama bodi yenyewe ni nzee kama uso wake unavyodai. Watu wengi huuruka mgongo. Usiuruke.

5. Piga picha za mwanga wa ubavuni. Zima taa zote, bakiza tochi moja tu, na uilaze ubavuni mwa mchoro kiasi kwamba mwanga wake unakwaruza uso, kwa pembe ya kati ya nyuzi 5 na 15. Ihamishe hadi mita moja au zaidi kutoka kwenye ukingo, la sivyo upande ulio karibu utaungua kwa mwanga na wa mbali utabaki gizani. Piga picha moja mwanga ukitoka kushoto, ya pili kulia, ya tatu juu, ya nne chini, na uandike mara moja ipi ni ipi.

Kaa na hatua hii, kwa sababu kwa mchoro wa hadibodi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Utaona jinsi bodi ilivyopinda, mahali ilipovimba ukingoni, na malengelenge madogo ya rangi ambayo kwa mwanga wa kawaida yalikuwa hayaonekani kabisa. Utaona pia mkono wa msanii: namna brashi ilivyozunguka jicho la ndege, mahali rangi ya mandhari ilipopakwa kwanza na mnyama akaja juu yake, na nukta zilizobaki zimeinuka kama punje za mtama kwa kuwa rangi ya mafuta ni nzito. Nukta zilizoongezwa baadaye na mtu mwingine mara nyingi zina kimo tofauti. Ukiona mistari iliyoinuka ambayo haifuati umbo lolote la juu, inawezekana kuna mchoro mwingine chini yake, na hapo una sababu nzuri ya kutafuta vifaa vya infraredi.

Kosa la kawaida hapa ni kuogopa. Mwanga wa ubavuni hukuza kila kitu, na mchoro ulio katika hali nzuri unaweza kuonekana kama barabara ya makorongo. Linganisha na picha ya hatua ya 4 kabla ya kuamua kwamba kuna hatari.

6. Angalia mmeremeto. Sogeza taa moja mpaka uone taswira yake ikitembea juu ya uso, ukiwa umesimama upande wa pili. Sehemu iliyopakwa upya kwa rangi nyingine, au iliyosuguliwa na mtu aliyejaribu kusafisha, hupoteza mmeremeto au huwa nao kupita majirani zake. Dakika mbili zinatosha, na picha moja au mbili.

7. Piga picha za urujuanimno. Vaa miwani ya kinga kabla ya kuwasha taa, na usiielekeze kwa mtu. Anza kwa kuijaribu taa yako mbali na mchoro. Karatasi ya printa lazima iwake samawati kali, kwa kuwa hutiwa kemikali za kuing'arisha. Karatasi ya noti lazima ibaki giza huku nyuzi na alama zake za siri zikiwaka. Kunja tepu ya mafundi bomba mara nyingi hadi iwe kipande kinene kisichopenya mwanga, uiweke kando ya mchoro, nayo lazima ionekane karibu nyeusi au zambarau iliyofifia. Ikiwa tepu inang'aa, taa yako inavujisha mwanga unaoonekana na picha zako zitakudanganya.

Sasa weka kichujio cha kuzuia urujuanimno kwenye lenzi. Anza na ISO 400 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8 na muda wa kupiga wa sekunde 10, kisha ongeza hadi sekunde 30 ikihitajika. Kama una tochi moja tu, acha lenzi wazi na uipitishe taa juu ya mchoro polepole, kwa mwendo ule ule kutoka kila upande, kama mtu anayepaka chokaa ukuta. Tochi ya betri ina heri hapa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya sekunde 30 picha nzima imepotea.

Usiache taa ikiwaka wakati unaandika au unapiga soga. Madhara ya mwanga hujumlika: laksi 100 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia uso) kwa saa 10 ni sawa na laksi 1,000 kwa saa moja, na urujuanimno ni mkali kuliko mwanga unaoonekana. Kwa kawaida makumbusho hushikilia laksi 200 hivi kwa michoro ya rangi ya mafuta na 50 kwa kazi za karatasi na vitambaa. Ukijipanga vizuri, muda wote wa urujuanimno kwa mchoro mmoja hauzidi dakika kumi.

8. Isome saini kwa karibu. Hapa ndipo kila mtu anataka kuanzia, nami nimeiweka ya nane kwa makusudi, kwa sababu mtu akishaiona saini anayoitaka hutafsiri kila kitu kingine ili kiikubali. Tumia lenzi ya mkononi pamoja na tochi ya ubavuni, kisha urudie kwa urujuanimno.

Unachokitafuta ni uhusiano wa saini na kile kilicho chini yake. Niliwahi kuletewa mchoro wa chui, rangi ya manjano na nyeusi, wenye nyufa nyembamba zilizopita kwenye pembe ya chini palipokuwa na saini. Chini ya lenzi, ufa mmoja ulipita katikati ya herufi ya kwanza. Kama saini ingekuwa na umri wa mchoro, ufa ungeikata herufi vipande viwili, na kingo zake zingekuwa kali kama za kigae kilichovunjika. Haikuwa hivyo. Rangi nyeusi ya herufi ilikuwa imeingia ndani ya ufa na kuganda humo, kama uji unavyojaza ufa wa chungu. Kwa maneno mengine, ufa ulikuwapo kabla ya saini, na mchoro ulikuwa umeshazeeka siku jina lilipoandikwa. Chini ya urujuanimno utando wa uchafu na moshi uliofunika pembe nzima ulipita chini ya herufi, si juu yake, na hilo lilikubaliana na ushahidi wa ufa.

Mwenye mchoro alihuzunika, nami nilimwambia ninachowaambia wote: saini iliyoongezwa haimaanishi kwamba mchoro ni wa bandia. Muuzaji anaweza kuandika jina maarufu juu ya kazi halali ya mchoraji mwingine aliyestahili kujulikana kwa jina lake. Kwa kumbukumbu zetu, kumrudishia mtu huyo kazi yake ni jambo kubwa kuliko bei.

9. Piga picha za infraredi. Zima taa za LED zote, kwani karibu hazitoi infraredi kabisa. Ukitumia hizo utapata giza na kuilaumu kamera. Washa balbu ya halojeni kwa mbali, si chini ya mita moja na nusu, na uiwashe kwa muda mfupi tu, maana inatoa joto na rangi iliyoinuka hubanduka kwa joto. Weka kichujio cha mbele, tazama kwenye kioo cha kamera na upange fokasi upya, kwa sababu infraredi haikutani mahali pale pale mwanga wa kawaida unapokutana.

Infraredi ndiyo iliyofichua, ndani ya mchoro wa Picasso wa mwaka 1901 uitwao The Blue Room, ulioko Phillips Collection jijini Washington, mwanamume mwenye ndevu na tai ya kipepeo aliyefunikwa na mchoro tunaouona leo. Usitarajie makubwa hivyo kwa kila mchoro. Kamera ya kawaida iliyobadilishwa huona hadi karibu nanomita 1,000 tu, na rangi nyeusi yenye masizi ni ukuta usiopenyeka. Chaki nyeupe haitaonekana, kwa hiyo kukosa mistari ya chini si ushahidi kwamba msanii hakuchora kwanza. Penseli na mkaa ndivyo vinavyojitokeza vizuri, hasa chini ya nyekundu, manjano na nyeupe isiyo nene.

10. Hifadhi faili siku hiyo hiyo. Jina la kila faili liwe na jina la mchoro, aina ya mwanga, upande na tarehe, kwa mfano chui_ubavuni_kushoto na siku yenyewe. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti. Andika pia kwa maneno taa uliyotumia, umbali na muda, ili mwakani uweze kurudia vile vile. Kwa mchoro wa hadibodi unaokaa pwani, ningependa uzirudie picha nne za ubavuni kabla ya masika na baada yake. Malengelenge yaliyoongezeka katika miezi hiyo hueleza juu ya unyevu wa chumba kuliko kipimo chochote cha siku moja.

KUZISOMA PICHA

Viraka vya rangi vilivyoongezwa baadaye mara nyingi huonekana vyeusi chini ya urujuanimno, kwa kuwa rangi mpya na iliyozeeka haziwaki sawa. Vanishi ya zamani ya utomvu huwaka kijani cha manjano, na sandarusi ya wadudu, ile ambayo mafundi samani huita shelaki, huelekea machungwa. Gundi nyeupe ya mbao mara nyingi huonekana samawati ya maziwa. Mipaka ya maji yaliyokauka huonekana kama mistari ya pwani kwenye ramani. Miongoni mwa rangi nyeupe, nyeupe ya zinki huwaka manjano ya kijani, na nyeupe ya titani hubaki giza.

Nyeupe ya titani ina historia inayofaa kujulikana, kwa sababu watu huisoma vibaya. Rangi hiyo ilianza kuuzwa baada ya mwaka 1916 hivi, kwa hiyo ikionekana kwenye mchoro unaodaiwa kuwa wa kabla ya hapo ni tatizo. Ndivyo alivyoanza kunaswa Wolfgang Beltracchi wa Ujerumani: mchoro aliouuza kama kazi ya Heinrich Campendonk ya mwaka 1914 ulikutwa na titani ndani yake, na mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Lakini kwanza, titani hiyo ilithibitishwa na maabara kwa kuchunguza rangi yenyewe, si kwa tochi. Pili, hoja hiyo haitusaidii sisi kabisa, kwa kuwa kufikia mwaka 1968 nyeupe ya titani ilikuwa rangi ya kila siku. Mchoro wa Tingatinga wa kweli na wa bandia wa mwaka jana vyote vinaweza kuwa nayo. Kwetu sisi ushahidi wenye nguvu ni mpangilio wa tabaka: kipi kiko juu ya kipi, na ufa umepita wapi.

Usitoe hukumu kwa picha moja. Kiraka cheusi cha urujuanimno ambacho kwenye mwanga wa ubavuni kina kimo tofauti, na kwenye mmeremeto kimefifia, ni kiraka cha mtu mwingine. Kiraka cheusi kisicho na dalili nyingine yoyote kinaweza kuwa tu rangi nyingine ya msanii yule yule.

MATATIZO NA NAMNA YA KUYATATUA

Picha yote ya urujuanimno ni ya zambarau. Angalia tepu ya mafundi bomba. Ikiwa nayo ni ya zambarau kali, taa ni ya 395 au haina kioo cheusi. Kioo cheusi kinauzwa peke yake na hugharimu kidogo kuliko taa mpya.

Hakuna kinachowaka. Angalia karatasi ya printa. Ikiwa inawaka, taa ni nzima, ila rangi ya mafuta ya makopo huwaka kidogo tu, na huenda mchoro hauna vanishi, ongeza sekunde. Kutowaka ni matokeo pia, kwa hiyo iandike.

Kuna vichembe vya samawati vilivyotapakaa kila mahali. Hizo ni nyuzi za nguo na pamba zilizofuliwa kwa sabuni ya kung'arisha, si ugonjwa wa mchoro. Usizipanguse. Piga picha hivyo hivyo, na safari nyingine ufunike mchoro kwa karatasi safi hadi dakika ya mwisho.

Picha ya infraredi ni nyeusi tupu, au inafanana na ya kawaida. Kamera haijatolewa kichujio cha ndani, au kichujio cha mbele si cha infraredi. Jaribu kwa rimoti ya televisheni: ibonyeze mbele ya kamera yenye kichujio cha mbele, na ncha yake lazima iwake.

Kuna doa jeupe la duara katikati ya picha ya infraredi. Hiyo ni kasoro ya lenzi. Fungua tundu zaidi, au tumia lenzi nyingine.

Nusu ya picha ya ubavuni ni nyeusi. Bodi imepinda na inajitilia kivuli. Inua taa kidogo, au piga kutoka upande wa pili. Usiinyooshe bodi kwa vitabu wala matofali, kwa sababu hadibodi itarudi ilivyokuwa na rangi itabaki imevunjika.

Gamba la rangi limedondoka wakati unafanya kazi. Zima taa zote za joto na usimame hapo hapo. Usilirudishe kwa gundi ya dukani, hata kama unapaona mahali pake. Liinue kwa ncha ya karatasi, likunje ndani ya karatasi safi isiyo na gundi, andika juu yake jina la mchoro, tarehe na umbali wa mahali lilipotoka kutoka ukingo wa kushoto na wa chini, kisha upige picha ya pengo lililobaki. Karatasi hiyo na picha zako za mianga yote ndivyo vitu vya kwanza utakavyompa mhifadhi wa kazi za sanaa atakapokuja.